Chuma cha Kukokotea, Tela au Lori: Ulinganisho wa Njia za Kufikisha Gari la Mbio za Dragi Uwanjani, Miaka ya 1950 hadi 1970

Katika picha za viwanja vya mbio za dragi vya Marekani vya miaka ya 1950 na 1960, macho hukimbilia gari lililo kwenye mstari wa kuanzia, ilhali sehemu kubwa ya jasho la mwenyewe ilikuwa imekwisha kumwagika kabla hajafika hapo. Mshiriki wa ridhaa alikuwa fundi, karani au mfanyakazi wa kiwandani aliyekuwa kazini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na gari lake, lililojengwa kwa ajili ya kukimbia robo maili tu, yaani mita 402, lilipaswa kwanza kusafirishwa makumi au mamia ya kilomita barabarani. Njia zilizokuwepo ni nne: kuliendesha lenyewe, kulikokota kwa chuma huku magurudumu yake yote manne yakiwa chini, kulipandisha kwenye tela la wazi, au kulibeba mgongoni mwa lori. Ulinganisho huu unamhusu mtu aliyefufua gari la enzi hizo, au anayekusudia kulifufua, na ambaye angependa kulisafirisha kwa mtindo wa wakati wake bila kuliharibu njiani.

Ili njia hizo zipimwe kwa kipimo kimoja, nimechagua safari moja halisi: kutoka Los Angeles hadi Famoso, kaskazini mwa Bakersfield, ambako mwaka 1959 klabu ya Smokers iliandaa mashindano yaliyokuja kujulikana kama March Meet, ambayo dereva mashuhuri Don Garlits alitoka Florida, upande wa pili wa nchi, kuja kushiriki. Umbali wenyewe si mkubwa, kwani ni kilomita zipatazo 210, lakini katikati yake pana Tejon Pass, ambayo iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na baada yake mteremko wa Grapevine, unaofikia asilimia 6, unashuka hadi kwenye bonde la San Joaquin. Mlima huo hupima rejeta wakati wa kupanda na breki wakati wa kushuka. Uamuzi wangu nautoa mapema ili msomaji apime hoja zangu akiujua: kwa watu wengi tela la wazi ndilo chaguo bora, chuma cha kukokotea kinalishinda katika hali chache zinazoweza kutajwa bayana, na lori, pamoja na uzuri wake wote, linamfaa mtu mwenye sababu maalumu.

Kuliendesha lenyewe

Njia hii ndiyo iliyotangulia nyingine zote, na haihitaji maelezo marefu. C. J. Hart alipoanza kuendesha mbio katika uwanja wa ndege wa Santa Ana mwaka 1950, magari mengi yaliyoshiriki yalifika yakijiendesha, yakavuliwa vifuniko vya ekzosi na kubadilishiwa matairi ya nyuma hapohapo, kisha jioni yakarudishwa katika hali ya barabarani. Gharama ya ziada haikuwepo. Tatizo ni kwamba gari likivunjika ekseli au likipasua klachi, mwenyewe hana usafiri wa kurudi nyumbani, na kadiri gari linavyoboreshwa kwa ajili ya mbio ndivyo uwezekano wa kuvunjika unavyoongezeka. Pia gari lenye difu ya uwiano wa 4.88, yaani propela (shafti inayotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu) huzunguka mara 4.88 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, uwiano ambao ni wa kawaida kwa gari la mbio, hulazimisha injini kuzunguka mara 3,500 kwa dakika katika mwendo wa maili 60 kwa saa, na hakuna anayefurahia kuisikiliza injini hiyo kwa saa mbili na nusu. Kwa gari lenye difu ya kawaida na uwanja ulio karibu na nyumbani, endesha. Kwa Famoso, sahau.

Chuma cha kukokotea

Hapa ndipo wengi walipohamia mara gari lilipoacha kufaa barabarani. Chuma chenyewe kina umbo la herufi A: miguu yake miwili hufungwa kwa bolti mbele ya gari linalokokotwa, na ncha yake hukaa juu ya tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari linalovuta. Kinatengenezeka katika gereji yoyote yenye mashine ya kuchomelea, kinaning'inizwa ukutani kikimaliza kazi, na hakihitaji nafasi uani wala kibali cha majirani. Kwa kijana aliyepanga chumba mwaka 1960 sifa hiyo ya mwisho pekee ilitosha kumaliza mjadala. Uzito nao ni mdogo kuliko wa njia zinazofuata, kwa kuwa gari la kilo 1,450 linavutwa kama kilo 1,450, bila tela la kuongezea mzigo mlimani.

Hata hivyo, chuma hiki kinataka gari lenyewe liwe tayari kukokotwa, na hapo ndipo watu huumia. Magurudumu ya nyuma yakizunguka, difu na propela huzunguka pia. Kwa tairi lenye kipenyo cha inchi 28 na difu ile ile ya 4.88, propela inazunguka mara 3,500 kwa dakika katika mwendo wa maili 60 kwa saa, na inaizungusha shafti ya nyuma ya giaboksi wakati injini imezimwa. Katika giaboksi ya kawaida iliyowekwa huru, gia za chini ambazo kazi yake ni kurusha oili juu zimesimama, hivyo sehemu za juu hukauka polepole. Katika giaboksi ya otomatiki pampu ya oili huendeshwa na injini, na injini imelala. Baadhi ya otomatiki za miaka ya 1950 zilikuwa na pampu ya pili upande wa nyuma iliyoendeshwa na magurudumu, lakini watengenezaji waliiondoa kadiri miaka ya 1960 ilivyosonga mbele, kwa hiyo mwenye gari la baadaye asijifariji kwa habari za gari la mapema.

Dawa yake ni kuondoa propela, kazi ya dakika chache kwa mtu aliyeizoea. Unafungua bolti nne kwenye difu, unaivuta propela nyuma mpaka itoke kwenye giaboksi, na papo hapo oili inaanza kutiririka kutoka kwenye tundu lililoachwa wazi. Wenye uzoefu walikuwa na kichwa cha propela ya zamani kilichokatwa, wakakichomeka humo kama kizibo. Wengine walifunga mfuko wa plastiki kwa mpira, jambo linalofanya kazi mpaka mfuko utakapochanika. Kabla ya kuiweka propela pembeni ni lazima krosi yake, yaani kiungo chenye umbo la msalaba kilicho mwishoni mwake, ifungwe kwa utepe, kwa sababu vikombe vyake viwili vikishaachwa bila kushikiliwa huanguka, na sindano za beringi zilizomo ndani husambaa mchangani. Anayezitafuta sindano hizo saa moja kabla ya kukaguliwa gari lake hatapata muda wa kupima injini.

Liko pia suala la difu iliyofungwa, ambayo huyalazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke sawasawa. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, hivyo moja lazima liburuzwe, na kilio chake husikika kila kona ya mjini. Kuondoa propela hakusaidii hapa, kwa sababu mkazo uko ndani ya ekseli zenyewe. Wenye ekseli za aina inayoweza kuchomolewa bila kuondoa magurudumu walizichomoa, na waliobaki waliikubali hasara. Matairi vipara ya mbio, yaani yasiyo na mikato, hayaguswi kabisa katika safari ya namna hii: mpira wake laini unaliwa na lami kwa saa chache, na kwa hiyo gari hukokotwa likiwa na matairi ya kawaida huku vipara vikisafiri ndani ya gari la mbele.

Breki ndizo zinazonifanya nisikipendekeze chuma hiki kwa safari ya Grapevine. Gari linalokokotwa halina anayekanyaga pedali yake, hivyo breki za gari la mbele, ambazo katika miaka hiyo kwa kawaida zilikuwa za ngoma kwenye magurudumu yote, zinasimamisha magari mawili. Ngoma ikipata moto hupanuka na kukwepa viatu vya breki, pedali inazama, na dereva anabaki na gia ya chini na sala. Kwa barabara za njia mbili za mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambako mwendo wa maili 45 kwa saa ulikuwa wa heshima, hatari hiyo ilivumilika. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ilipoanza kuzaa njia pana zisizo na makutano, mwendo ulipanda na chuma kile kile kikawa kinaombwa kufanya kazi ambayo hakikuundiwa. Leo sheria ya California inaweka kikomo cha maili 55 kwa saa kwa gari lolote linalokokota, na ningekiheshimu hata kama kisingekuwepo.

Mambo mawili madogo yaongezwe. Gari lililofungwa kwa chuma hiki halirudi nyuma, kwa kuwa magurudumu yake ya mbele hugeuka upande na kukipinda chuma, hivyo kila kituo cha mafuta kichaguliwe kwa kuangalia kama kuna mlango wa kutokea mbele. Na usukani lazima uwe huru: magari ya General Motors yalianza kufungwa usukani kwa ufunguo katika toleo la mwaka 1969, kwa hiyo mwenye gari la tangu hapo aache ufunguo katika nafasi inayoufungua.

Kinamfaa nani basi? Anayeishi tambarare, mwenye gari la chini ya kilo 1,500 lenye giaboksi ya kawaida na difu isiyofungwa, anayekwenda uwanja ulio ndani ya kilomita 80 hivi, na asiye na mahali pa kuweka tela. Huyo hana sababu ya kuona haya.

Tela la wazi

Tofauti kubwa kati ya tela na chuma ni kwamba juu ya tela gari limepumzika kabisa. Propela haizunguki, matairi vipara yanaweza kubaki mahali pake, na gari lililovunjika giaboksi, difu au ekseli linarudi nyumbani kwa urahisi ule ule lililokuja nao, mradi kuna winchi au watu wa kulisukuma. Hoja hiyo ya kuvunjika ina uzito kuliko nyingine zote, kwa sababu gari la mbio lisilowahi kuvunjika ni gari lisiloshindana.

Gharama yake iko katika uzito na nafasi. Tela la ekseli mbili lililotengenezwa kwa vyuma vya mfereji, mara nyingi juu ya ekseli zilizotolewa kwenye nyumba za kukokotwa, lina kilo 600 hadi 800, hivyo gari la kilo 1,450 linakuwa mzigo wa zaidi ya kilo 2,000 kabla ya kuhesabu vifaa. Kupanda Tejon Pass na mzigo huo katika joto la Julai ni kazi ya rejeta yenye afya. Ekseli moja ni nyepesi na rahisi, lakini tairi likipasuka hakuna la kulisaidia, ilhali ekseli mbili humwachia dereva nafasi ya kusogea pembeni kwa utulivu. Nisingenunua la ekseli moja kwa kitu chochote kizito kuliko dragsta, yaani gari refu na jembamba lililojengwa kwa ajili ya mbio hizi tu.

Kinachotofautisha tela tulivu na tela linaloua ni uzito wa shingoni. Kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote unapaswa kukaa juu ya tufe la gari linalovuta. Kwa mzigo wa kilo 2,200 hiyo ni kilo 220 hadi 330. Ukipungua, tela huanza kuyumba kulia na kushoto, hasa kwenye mteremko, na kila yumbo huwa kubwa kuliko lililotangulia. Ukizidi, mkia wa stesheni wagoni huzama, taa za mbele humulika vilele vya miti, na usukani unakuwa mwepesi isivyopendeza. Uzito huo hurekebishwa kwa kulisogeza gari mbele au nyuma juu ya tela, sentimita chache kila mara, na nafasi sahihi ikipatikana inapigwa alama ya rangi sakafuni ili gurudumu la mbele lisimame papo hapo kila safari. Kwa gari lenye springi laini, vyuma maalumu vya kugawa uzito, vinavyoisukuma sehemu ya mzigo kuelekea magurudumu ya mbele, vilikuwepo tangu enzi hizo na vinafaa kila senti.

Breki za tela, kwa lililokuwa nazo, mara nyingi zilikuwa za umeme, zikiongozwa na kidhibiti kilichounganishwa na mfumo wa breki wa gari la mbele. Vile vya Kelsey-Hayes vilichukua shinikizo moja kwa moja kutoka kwenye mafuta ya breki. Anayetaka uhalisi wa enzi anaweza kukifunga kidhibiti cha namna hiyo, ila mimi ningeficha cha kisasa chini ya dashibodi, kwa maana kutoboa mfumo wa breki ni gharama kubwa mno kwa ajili ya picha. Tela lisilo na breki kabisa, ambalo katika miaka hiyo lilikuwa la kawaida, ni baya kuliko chuma cha kukokotea, kwa sababu lina ubaya ule ule pamoja na kilo 700 za ziada.

Katika kufunga gari, minyororo ivutwe kutoka kwenye ekseli na siyo kwenye bodi. Ikifungwa kwenye bodi, gari hudunda juu ya springi zake, minyororo hulegea na kukaza mara elfu, na mwishowe ndoano hujinasua. Tufe nalo litazamwe kila safari: saizi mbili zilizotawala zilikuwa inchi 1 na 7/8 na inchi 2, ambazo kwa macho zinafanana, na kishikio cha inchi 2 kitakaa vizuri kabisa juu ya tufe dogo mpaka tela lipite kwenye shimo la kwanza la maana. Minyororo ya usalama ipishanishwe chini ya shingo, ili shingo ikichomoka iangukie juu yake badala ya kuchimba lami.

Kwa safari ya Famoso, tela la ekseli mbili lenye breki ndilo ningelichagua bila kusita, na kwa safari ndefu zaidi, tuseme Los Angeles hadi Indianapolis, ambako mashindano ya taifa ya NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, yamefanyika tangu mwaka 1961 na ambako ni zaidi ya kilomita 3,300, sioni mshindani wake.

Lori la kubeba gari mgongoni

Mwaka 1970 madereva wa mbio za dragi Don Prudhomme na Tom McEwen walipopata udhamini wa Mattel, kampuni iliyotengeneza magari madogo ya Hot Wheels, malori yao ya Dodge yaliyobeba magari mgongoni yalipakwa rangi za mdhamini na kuwa sehemu ya maonyesho yenyewe. Hao walikuwa watu wa kulipwa, na lori lao lilikuwa tangazo lililotembea. Watu wa ridhaa waliliiga kwa kununua malori yaliyotumika ya daraja la tani moja, kama Chevrolet C-30 au Ford F-350, wakayajengea sakafu ndefu yenye reli za kupandishia gari.

Sifa zake ni za kweli. Hakuna tufe wala shingo, hakuna kuyumba, kurudi nyuma ni kama kwa lori lolote, na breki zote ziko chini ya mguu wa dereva. Kasoro zake hazionekani pichani. Gari linakaa juu sana, na upepo wa ubavuni katika bonde la San Joaquin hulitikisa lori zima. Mteremko wa kupandia ni mkali, hivyo gari la chini hukwaruza tumbo, na winchi inakuwa lazima hata kwa gari zima. Uzito wa juu uliokubaliwa kwa malori hayo ulikuwa takriban kilo 4,500, na ukishahesabu lori, sakafu ya chuma, gari, vipuri, mafuta na watu watatu, umeufikia. Zaidi ya hayo, lori hilo halina kazi nyingine kati ya Jumatatu na Ijumaa, wakati stesheni wagoni inapeleka watoto shule. Anayelichagua leo awe analipenda lori lenyewe. Kwa mtu huyo ni uamuzi mzuri, na hakuna kitakachopigwa picha zaidi yake kwenye March Meet, ambayo siku hizi ni ya magari ya mtindo wa zamani.

Tela lililofunikwa, lililoenea zaidi katika miaka ya 1970, linalinda gari dhidi ya mvua na wezi lakini lina uzito na upepo mwingi kuliko la wazi. Kwa gari la mtindo wa miaka ya 1960 naliona haliendani nalo.

Gari la kuvuta

Uchaguzi ulikuwa kati ya stesheni wagoni na pikapu. Stesheni wagoni lenye injini kubwa ya V8 lilibeba familia, vifaa na matairi, na usiku likawa kitanda. Pikapu ilikuwa na chasisi ngumu na nafasi ya kumwaga mafuta bila kugombana na mtu ndani ya nyumba. Kwa gari la kilo 1,450 juu ya tela, ningechukua pikapu ya nusu tani au Chevrolet Suburban kwanza, na stesheni wagoni likiwa na chasisi kamili, rejeta kubwa na springi za nyuma zilizoongezewa nguvu.

Mwenye dragsta ana jambo moja zaidi la kupima, nalo linaweza kuubadili uamuzi wote. Dragsta za injini ya mbele hazikuwa na stata. Ziliwashwa kwa kusukumwa, na kazi hiyo ilifanywa na gari lile lile lililozileta, likiwa na pau ya kusukumia iliyofungwa mbele ya bampa. Uwanjani dereva aliishusha dragsta kutoka kwenye tela, akalifungua tela, akageuka na kusimama nyuma ya dragsta, kisha akaisukuma mpaka ikaachiwa klachi na kuwaka. Lori la kubeba halifai kwa hilo, kwa kuwa ni refu, zito na dereva wake amekaa juu mno kuiona pau ikigusa. Chuma cha kukokotea nacho hakifai, kwa sababu dragsta haina springi wala breki za mbele, na magurudumu yake membamba hayakuundwa kwa mashimo ya barabara kuu. Kwa bahati nzuri dragsta ya enzi hizo ilikuwa na kilo 600 hivi, na tela lake jembamba linavutwa bila shida na pikapu ya kawaida ya silinda nane. Pau ya kusukumia ifungwe kwenye chasisi yenyewe na upana wake ufunikwe kwa mpira, na kimo chake kipimwe pikapu ikiwa tupu, kwa kuwa hivyo ndivyo itakavyokuwa saa ya kusukuma.